Europa Universalis IV kwa anayetaka kuchora ramani ya kusini: Kilwa, Mikindani mpaka Ruvuma

Nianze na jibu kabisa, mwenye haraka aondoke zake. Kama unataka hii gemu ili uchague Kilwa ucheze tu, subiri punguzo. Kama unaitaka ili uchore ramani yako mwenyewe ya huku kusini, nunua hata leo. Gemu ni ile ile lakini ni shughuli mbili tofauti kabisa, na mi naandika zaidi kwa ajili ya hao wachoraji, maana kila nikiweka picha ya ramani yangu status watu wa Lindi na Masasi wanauliza nimeitoa wapi na kama inaingia kwenye simu. Haiingii kwenye simu wakuu. Ni ya kompyuta.

Asiyeijua: ni gemu ya mikakati ya kampuni ya Paradox ya Sweden, ilitoka Agosti 2013, unachagua nchi karibu yoyote duniani kuanzia tarehe 11 Novemba 1444 unaiendesha mpaka 1821, vita, biashara, ndoa za kifalme, dini, makoloni, kila kitu kinatokea juu ya ramani moja ya dunia nzima. Hakuna kukimbia wala kupiga risasi. Unaangalia ramani, unasimamisha muda, unafikiria, unauachia muda uende. Mdogo wangu aliikalia kidogo akanyanyuka akasema hii kazi ya ofisini.

Kilwa ipo na unaweza kuichagua tangu siku ya kwanza, hilo nawapa heko, kwa sababu ndugu yake Crusader Kings III ramani yake inakatika kabla haijafika kwetu. Na kuicheza kuna raha yake. Unaanza 1444, sio tena ile Kilwa aliyoikuta msafiri Ibn Battuta 1331 enzi za sultani al-Hasan bin Sulaiman mwenye jumba la Husuni Kubwa, dhahabu ya Sofala, bandari ya huko kusini Msumbiji, bado inapita lakini pale ikulu masultani na maamiri washaanza kuvutana, na wewe unajua kabisa kwamba Julai 1505 Mreno Francisco de Almeida alishuka na meli zake akaupora mji. Kwaiyo una kama miaka 60 ya kujiandaa. Wareno wa kwenye gemu lakini hawafuati kalenda, wanaweza kuchelewa, wanaweza kuwahi, mara nyingine wanapigwa huko huko kwao na Kastilia hawaji kabisa, unabaki umejenga meli za vita za bure.

Shida inaanza ukisogeza mausi kutoka pwani kuingia bara. Pori la kijivu. Kwenye hii gemu kuna maeneo yamewekwa kuwa hayapitiki, huwezi kuyamiliki wala kupitisha jeshi, kama jangwa la Sahara au barafu za kaskazini, na sehemu kubwa ya bara nyuma ya pwani yetu imewekwa kundi hilo. Yaani pembe za ndovu zinafika Kilwa lakini hazitoki popote. Wayao waliokuwa wanashuka na misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa tangu karne ya 17 hivi, kwa hii ramani walikuwa wanapaa. Hapo ndipo nilipoacha kucheza nikaanza kufungua mafaili.

Na mafaili ndiyo sababu ya mi kuandika hivi. Paradox hawajaficha kitu. Ramani nzima ni picha za kawaida na maandishi ya kawaida ndani ya folda moja, unafungua na programu za bure. Picha mama inaitwa provinces.bmp, ina upana wa pikseli (zile nukta za picha) 5632 na urefu 2048, na kila jimbo ni doa la rangi yake ya pekee, rangi ambayo hairudiwi popote. Kuna faili la maandishi, definition.csv, linaloiambia gemu rangi hii ni jimbo namba fulani. Basi. Ukitaka Mikindani iwepo unapaka doa, unaandika mstari, jimbo unalipatia faili lake la historia lenye mwenyewe, dini, utamaduni na bidhaa, gemu inaitambua. Sijaona gemu nyingine kubwa ambayo mtu wa kawaida mwenye laptop ya mtumba anaweza kuifumua hivi.

Sasa piga hesabu ndogo kabla hujashika brashi. Dunia ikweta ina mzunguko wa kilomita 40,000 na ushee, gawa kwa pikseli 5632, pikseli moja inakula kama kilomita 7. Kutoka Kilwa hadi mdomo wa Ruvuma ukinyoosha ni kama kilomita 200, kwaiyo pwani yote ya Lindi na Mtwara unapewa pikseli kama 30 uifanyie maajabu. Kisiwa cha Kilwa Kisiwani, chenye Msikiti Mkuu na Gereza na Husuni Kubwa, mahali ambapo UNESCO wamepaorodhesha tangu 1981 pamoja na Songo Mnara, hakijazi hata pikseli moja. Ghuba ya Mikindani haionekani. Lindi na Mtwara ziko pikseli 8 hivi kutoka moja hadi nyingine, ukipaka mji mmoja kwa mkono mzito umeumeza mwingine. Kwaiyo wale wanaonishauri niongeze majimbo matatu manne kwenye ramani ya dunia, asanteni, lakini nafasi ya kuchora hakuna.

Njia niliyoifuata ni kuitupa dunia na kubaki na kanda. Gemu inakubali. Ramani yangu juu inaanzia Mafia, chini inaishia Angoche kule Msumbiji, magharibi Ziwa Nyasa, mashariki Komoro, pikseli moja nusu kilomita. Kwa kipimo hicho Kilwa Kisiwani inapata umbo, Songo Mnara inaonekana, visiwa vya Kerimba vinajipanga vizuri, na miamba ya Masasi inajitokeza kama nukta. Tarehe ya kuanza pia inabadilishika, nimeirudisha 1331 ili Kilwa iwe juu kweli, sio imeshachoka. Ulaya haipo kabisa kwenye ramani, Wareno wanaingia kwa tukio la kuandikwa mwaka 1498 upande wa Kisiwa cha Msumbiji, ambako ndiko Vasco da Gama alitia nanga mwaka huo kabla hajapanda kuelekea Mombasa na Malindi. Na Sofala, ambayo ni mbali mno kusini kuingia humu, nimeiweka kama kijisiwa bandia kwenye pembe ya chini, Aden na Gujarati vijisiwa bandia pembe ya juu. Kibongobongo lakini inafanya kazi, kwa sababu gemu haina kabisa wazo la kitu kilichoko nje ya ramani.

Vilima vinatoka kwenye vipimo vya chombo cha anga cha NASA cha mwaka 2000, vinaitwa SRTM, ni vya bure. Vile vya mita 90 vinatosha kabisa kwa kipimo changu, usiue bando lako kupakua vya mita 30. Unavifungua kwenye QGIS, programu ya kushughulikia ramani, bure pia, unakata kanda yako, unavigeuza kuwa picha ya kijivu ndiyo heightmap.bmp, picha ya urefu wa ardhi. Hapa ramani ya kanda inakupa faida ambayo hukuitarajia: kijivu kina ngazi 256 tu, na ramani ya dunia lazima izigawe kutoka vilindi vya bahari mpaka Himalaya, kwaiyo uwanda wa Makonde unabaki uvimbe usioonekana. Sisi huku hatuna Himalaya. Nikazivuta zile ngazi zote ziwe za kwetu, na uwanda ukasimama, ule ukingo wa Newala mita 700 na zaidi juu unauona kabisa unavyokatika kushuka bonde la Ruvuma. Aisee siku ule ukingo ulipotokea kwenye skrini nilimwita kila mtu nyumbani aje aangalie. Walikuja wawili.

Na uwanda ule una sifa ambayo gemu inaijua kuifanyia kazi vizuri kuliko nilivyofikiri. Juu kule maji ya kuchota hakuna, watu wa Newala kwa vizazi walishuka ukingoni kutafuta maji bondeni wakapanda nayo. Kwenye gemu kila aina ya ardhi ina kikomo cha askari inaoweza kuwalisha, nikaitengenezea uwanda wa Makonde aina yake, kikomo kidogo kabisa, vichaka vizito. Jeshi la Kilwa likipanda linaanza kupukutika lenyewe bila kupigwa. Hakuna tukio nililoandika wala hadithi niliyobandika, ardhi yenyewe inajitetea, na ukiuliza mtu yeyote anayekijua kile kichaka cha Makonde atakwambia hivyo ndivyo.

Lakini wenyewe waliokaa juu ya uwanda ndio mtihani. Hii gemu ina kabati lenye droo tatu tu. Ya kwanza pori lisilopitika. Ya pili jimbo tupu, lisilo na mwenyewe, lenye wenyeji ambao unawaandikia idadi yao, ukali wao na uchokozi wao kwa namba, halafu anakuja mtu na mkoloni wake analijaza. Ya tatu nchi, yenye mji mkuu, bendera, mfalme na mrithi. Wamakonde hawaingii droo hata moja. Hawakuwa na mfalme mmoja, kila kundi la vijiji na mkubwa wake, na wazee wengi wanasimulia kwamba wenyewe walivuka kutoka ng'ambo ya Ruvuma, kwaiyo hata kuwapaka mahali pamoja tangu 1331 ni kuwalazimisha. Wamwera hivyo hivyo, Wamakua, Wamatumbi. Ukiwaweka droo ya pili umewaita watu tupu. Ukiwaweka ya tatu umewazulia mfalme.

Mi nimechagua ya tatu lakini kwa kuikatakata, nchi nyingi ndogo ndogo za jimbo moja moja, zenye makubaliano ya kulindana zikivamiwa na zisizoweza kuungana kuwa dola. Sio sahihi, ila uongo wake ni mdogo. Kuna mtu alinishauri kwamba ningewaacha droo ya pili, wenyeji tu, gemu iende haraka, kweli inaenda haraka, lakini mi sikuwa nafukuza mbio.

Halafu urithi. Mrithi wa gemu anabeba jina la ukoo wa mfalme aliyepo, mtoto wa baba. Huku kwetu Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, ukoo unapita kwa mama na wa kurithi ni mpwa, mtoto wa dada. Unaweza kuiandikia gemu tukio la kumleta mpwa kila mfalme akifa, nimeandika, inafanya kazi, lakini kwenye dirisha la nasaba anaonekana kama mtu aliyeingia kwa mlango wa nyuma, na gemu inakupunguzia uhalali wa utawala mpaka uandike tukio lingine la kuurudisha. Viraka juu ya viraka.

Mjomba wangu wa Mikindani, ambaye ujanani alikuwa mtu wa mashua, alinikuta nahangaika na hayo akavuta kiti. Nikamwonyesha Kilwa, nikamwonyesha meli. Akaangalia weee, akauliza, "Mpwa wangu, hawa wanasafiri na upepo gani?" Nikamwambia hakuna upepo mjomba, unabonyeza tu inaenda. Akacheka. "Basi hao hawajafika Kilwa."

Na hapo kaigusa kasoro ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, kubwa kuliko lile pori la kijivu. Biashara kwenye hii gemu inapita kwenye vituo vilivyounganishwa na mishale, Zanzibar ni kimojawapo, na mishale ina mwelekeo mmoja usiogeuka, mali yote ya dunia mwisho wa siku inamwagika Ulaya, kwenye Venice, Genoa na English Channel. Hata uwe sultani wa namna gani huwezi kuuvuta mkondo urudi kwako kutoka huko. Kwa Ulaya ya 1700 sawa. Kwa bahari yetu ni kichekesho, kwa sababu biashara ya Kilwa ilikuwa ya kwenda na kurudi, kaskazi inaleta majahazi kuanzia Desemba hivi, kusi inayarudisha kuanzia Aprili, na ukweli kwamba mtu wa Arabuni au Gujarati angeweza kufika mpaka Kilwa na kurudi ndani ya mzunguko mmoja, lakini akishuka zaidi kusini anajikuta kalala huko kusubiri msimu mwingine, ndiyo moja ya sababu Kilwa ikawa Kilwa. Mji ulikaa pale upepo unapoishia kufaa. Ramani isiyo na misimu haiwezi kukueleza kwa nini mji huo ulitajirika na sio mwingine, itabidi ikupe tu namba kubwa ukubali.

Ukichunguza mafaili utakuta neno monsuni lipo kwenye faili la hali ya hewa, nilifurahi kuliona, kumbe linahusu mvua na majeshi ya nchi kavu kuteseka matopeni. Tanga haliguswi. Nilichofanya ni matukio yanayosoma mwezi. Ikiingia miezi ya kaskazi, nchi zenye bandari kaskazini ya ramani zinapata nguvu ya biashara Kilwa, ikiingia kusi nguvu inahamia kwa wenye bandari za kusini wanaopandisha mali, na meli ya biashara iliyokutwa chini ya Kisiwa cha Msumbiji wakati upepo umegeuka inapunguziwa mwendo. Vituo vya biashara nimevichora upya, Sofala inamwaga Kilwa, Nyasa inamwaga Kilwa na Mikindani, na kutoka Kilwa inatoka kwenda vijisiwa vyangu bandia vya juu. Mshale bado hauendi na kurudi, hilo halina dawa, limo kwenye mifupa ya gemu. Lakini angalau mchezaji anajua Novemba ni mwezi wa kujipanga na sio mwezi kama mwingine wowote. Mjomba nimemwonyesha toleo jipya, kasema afadhali.

Mito. Unachora kwenye rivers.bmp, mstari wa pikseli moja, chanzo kinawekwa nukta ya kijani, mahali mto mdogo unapoingia mkubwa nukta nyekundu, ukikosea mto haupo. Nimechora Ruvuma, Lukuledi unaoingia ghuba ya Lindi, Mbwemkuru, Matandu pale karibu na Kilwa Kivinje. Kazi ya mto kwenye gemu ni moja tu ya maana, jeshi linalovuka kushambulia linapata hasara kwenye bahati ya vita. Kwa Ruvuma hiyo haitoshi na pia inapotosha. Huu mto umekuwa mpaka kwa sababu Wajerumani na Wareno walikubaliana hivyo Desemba 1886, kabla ya hapo watu wa kule na huku ni walewale, mpaka leo wanaoleana. Kwaiyo majimbo yangu yanauvuka mto, yana mguu mmoja kila ng'ambo, na ndiyo kitu kilicholeta makelele kuliko vyote kwa waliopakua ramani yangu, "mbona mpaka wa Tanzania umekosea", jamani, 1331, Tanzania ya nani?

Majina pia yamenigombanisha na watu, hasa wa nyumbani. Mtwara haipo kwenye ramani yangu. Najua, kuchele na nini, lakini Mtwara kama mji imekua na bandari ya ule mradi wa karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, na Nachingwea kama mji ni ya mradi huohuo. Bandari ya zamani upande huu ni Mikindani na ndiyo yenye jimbo, na kituo cha biashara cha daraja la kwanza. Kilwa nimeanza na Kisiwani, halafu faili la historia linaruhusu kubadilisha jina la mji mkuu wa jimbo kwa tarehe, kwaiyo ukianzisha mchezo kwa tarehe ya miaka ya 1800 mwanzoni unakuta jimbo limeshahamia Kivinje, ambako biashara ya misafara, na kwa bahati mbaya sana ya watumwa, ilihamia. Hapa Paradox wamefikiria vizuri, hicho kitu kimoja cha tarehe kinabeba kazi kubwa kimya kimya.

Ambacho hutakipata hata uchore vipi ni Majimaji, vita vya Machemba, chifu wa Wayao, na Wajerumani, pembetatu ya Kionga pale chini ya mdomo wa Ruvuma waliyoikwapua Wajerumani 1894 ikarudi kwa Wareno vita vya kwanza vya dunia. Gemu inaishia 1821. Kwa hayo kuna Victoria 3, gemu nyingine ya Paradox, inakwenda 1836 mpaka 1936, ndiko pahala pake, na nawaomba wanaoniandikia kutaka Kinjikitile wa Majimaji awe jemadari kwenye ramani yangu waende huko wakamtengeneze.

Mambo ya kiufundi nayapitisha haraka. Tumia GIMP, programu ya kuchorea picha, ni bure, lakini paka kwa penseli na sio brashi, brashi inalainisha kingo na kuzaa rangi elfu za katikati ambazo gemu inaziona ni majimbo yasiyojulikana. Wakati wa kuhifadhi BMP chagua isiandike taarifa za rangi, la sivyo gemu inakataa faili. Mafaili ya majina yahifadhiwe kwa mfumo wa maandishi wa UTF-8 yenye BOM, bila hiyo utaona takataka badala ya "Mikindani". Gemu ikigoma kufunguka haikuambii kwa nini, inajizima tu unabaki unaangalia picha ya ukutani, nenda kasome error.log, faili la makosa, ni ndefu na nyingine hazina maana, tafuta mstari wenye namba ya jimbo lako. Faili la majimbo la ramani ya dunia peke yake ni MB 34 na zaidi, na kila ukibadilisha kitu gemu inapakia ramani upya na hapo una muda wa kukaanga korosho. Hifadhi nakala kila mara, umeme wa huku unaujua mwenyewe.

Kuhusu hela. Gemu yenyewe mara kadhaa kwa mwaka inashuka zaidi ya nusu bei pale Steam, duka la gemu la mtandaoni, unalipa kwa kadi ya Visa ya kwenye simu inapita. Kinachoua ni nyongeza, zimetoka nyingi tangu 2013 na ukizijumlisha zote utaona bora ununue pikipiki. Kwa mchoraji wa ramani habari njema ni kwamba hauhitaji hata moja, mafaili yote ya ramani yamo kwenye gemu ya msingi, na kuweka kazi yako kwenye Workshop, sehemu ya Steam ya kazi za wachezaji, wengine waipakue hulipi kitu. Kwa mchezaji wa kawaida kuna mpango wa kulipia kwa mwezi unaofungua zote, lipa mwezi mmoja wa likizo, cheza, katisha.

Laptop ya RAM ya GB 8 inaisukuma vizuri, ramani ya kanda kama yangu inaenda haraka zaidi kuliko ya dunia kwa sababu nchi za kufikiriwa ni chache. Ila feni inapiga kelele, na joto la Februari la hapa Mtwara usiiweke mapajani.

Kuna watakaouliza kwa nini nisihamie Europa Universalis V, imetoka Novemba 2025, inaanza 1337, vipande vyake vya ardhi ni zaidi ya 20,000 dunia nzima na watu wanahesabiwa kabisa, wakulima, vibarua, watumwa. Kabla haijatoka waliweka hadharani ramani zao kanda baada ya kanda wakaomba watu wawakosoe, nadhani ndiyo njia sahihi ya kufanya kazi hii na ingefaa watu wa huku tuwe tunajitokeza kwenye mambo kama hayo badala ya kulalamika baadaye. Ila inataka mashine nzito, ya kwangu haiwezi hata kuiota. Kwa mwenye laptop ya kawaida IV bado ndiyo gemu ya kuchorea, nyota nne kati ya tano, ile moja nimekata kwa ajili ya mishale ya biashara. Kama gemu ya kuchezea Kilwa bila kugusa mafaili naipa mbili na nusu.

Toleo linalofuata naongeza Liwale na bonde la Rufiji upande wa kusini. Mwenye ramani za zamani za njia za misafara kutoka Nyasa kuja Kivinje, hata picha ya simu, anitumie, nitamwandika jina kwenye shukrani akitaka.